Maji ya Kupimwa

Nduta alipiga maji kwa ubao, pigo moja la nguvu, na ile kijani iliyotanda juu ya bwawa ikapasuka ikarudi nyuma. Alizamisha debe upesi kabla haijajifunga tena. Kwa kawaida ilikuwa kazi ya watu wawili, mmoja anapiga, mwingine anachota. Leo alikuwa peke yake, kwa hiyo debe lilitoka na utando mzito ukining'inia mdomoni, kama rangi ya kupaka mlango. Akautoa kwa kidole, akakipangusa kwenye nyasi. Kidole kilibaki na harufu ya kabichi iliyosahauliwa guniani.

"Virginia! Toka hapo majini."

"Siko ndani, mama. Niko kando tu."

"Kando ndiko upepo unaileta. Toka nimesema."

Mtoto akatoka. Alikuwa darasa la kwanza, mwembamba, na tangu kiangazi kilipoanza miguu yake ilikuwa na vipele kuanzia kwenye vifundo hadi magotini, pale pale maji yalipofika alipokuwa akichota. Alikuwa akijikuna hata usingizini. Nduta aliweka leso kuukuu mdomoni mwa debe la pili, akachuja, akakamua, akachuja tena. Nyumbani angeyachemsha mpaka yatokote sana, kama walivyofundishwa kwenye zahanati. Hakuna siku aliyompa mtoto wake maji mabichi. Majirani walimcheka kwa hilo. Walisema kuni za Mama Virginia zinaisha kwa kupika maji.

Lile lilikuwa bwawa la Kaburu. Kaburu mwenyewe alikuwa amekwenda zake Afrika Kusini baada ya uhuru, na kampuni ya wanunuzi wa mashamba, watu wengi wao kutoka Murang'a na Nyeri, ilinunua shamba lote hapa Kapseret, pamoja na bwawa, josho na ghala za ngano. Enzi za Kaburu bwawa lilizungushiwa seng'enge pande zote. Ng'ombe walinywea kwenye mabirika ya saruji nje ya ua, na mwafrika aliyeonekana ndani ya seng'enge alifukuzwa na mbwa. Ndiyo maana siku ya mkutano wa kwanza wa wanachama, kabla hata ya kuomba Mungu, watu walisimama wakapitisha neno moja kwa vigelegele: bwawa hili halitafungiwa mtu tena. Seng'enge iling'olewa jioni ile ile. Nguzo zake zilijenga nyumba. Hata nyumba ya Nduta ilisimama kwa nguzo hizo, na marehemu mume wake, Kabiru, ndiye aliyezibeba mabegani akiimba.

Kilichobaki ni lango la chuma na ukuta wa mawe upande mmoja tu, ule wa kuteremkia majini. Kwingine kote kulikuwa na tope mpaka kiunoni na matete. Tangu hapo ng'ombe wa wanachama waliingia bwawani mpaka tumboni, wakanywa, wakakojoa, wakatoka. Na juu ya mteremko kulikuwa na ngano ya wakurugenzi wa kampuni, ekari na ekari, ikimwagiwa mbolea ya magunia. Kila mvua iliponyesha mbolea hiyo ilishuka mpaka bwawani. Wakurugenzi wao walikunywa maji ya chemchemi iliyokuwa kilimani, nyuma ya nyumba kubwa ya Kaburu. Hiyo chemchemi ilikuwa na seng'enge. Hakuna mkutano uliowahi kuitaja.

Nduta ndiye aliyekuwa na ufunguo wa lango, ingawa lango lenyewe halikufungwa kamwe. Alipewa na mwenyekiti, Macharia, mwaka ule Kabiru alipokufa chini ya trela ya ngano. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, Simeon, shemeji yake, alikwenda kwa kamati akasema hisa ya marehemu ni ya ndugu yake. Mwanamke haandikwi shamba, alisema, mwanamke huolewa. Kamati haikusema ndiyo wala hapana. Mwenyekiti alimwita Nduta akamwambia, "Kaa hapo hapo kando ya bwawa, tunza mahali, mwonyeshe Bwana Maji njia akija kupima. Siku ya hati za mashamba tutaona jina gani litasomwa."

Kwa hiyo Nduta alitunza mahali.

*

Mwenyekiti alikuja Jumatatu na Peugeot yake, na Bwana Maji akiwa mbele. Huyo alikuwa ofisa kijana, jina lake Nicholas, soksi ndefu mpaka magotini, na sanduku la mbao lenye chupa. Alikuwa akija mara kwa mara kuchota maji na kuyapeleka mjini kupimwa. Siku zote aliinama, akachota, akaandika kwenye kibandiko, akaondoka bila maneno. Leo hakuinama. Alisimama ukingoni akaitazama ile kijani, akachukua kijiti akaitia, na kijiti kikasimama.

Akaanza kuongea Kizungu na mwenyekiti. Aliongea sana. Alionyesha ngano kilimani. Alionyesha ng'ombe. Kisha alionyesha lango, akakutanisha viganja vyake viwili kama mtu anayefunga mlango, akaviacha hivyo kwa muda, akimtazama mwenyekiti usoni.

"Anasema nini, Mwenyekiti?" Nduta aliuliza.

"Anasema tutie mrututu, ile dawa ya buluu ya kuua kijani."

"Na hiyo ya kufunga?"

Macharia alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya chini. Hakupenda kuulizwa mara mbili. "Anasema ufunge lango usiku ng'ombe wasichafue. Sasa sikiliza, Mama Virginia. Jumamosi Mheshimiwa anatoka Nairobi kuja kugawa hati. Umesikia? Hati zenyewe, si ahadi. Na ofisi imesema faili letu haliwezi kupita kama maji ya kunywa ya wanachama hayajapita. Kwa hiyo hii uji yako ya kijani iondoke."

"Si yangu, Mwenyekiti."

"Si wewe mlinzi?" Akacheka kidogo, akampiga Nicholas begani. "Ukitaka kujua mwanamke, mpe ufunguo halafu umwulize kazi."

Nicholas hakucheka. Alimtazama Nduta kana kwamba anataka kusema kitu, kisha akafunga sanduku lake.

"Na lile jambo la jina langu?" Nduta aliuliza, gari lilipokuwa likiwashwa.

"Jumamosi," Macharia alisema kupitia dirishani. "Maji kwanza."

*

Mrututu uliletwa alasiri ile ile na lori la Yusuf, mfanyabiashara wa Kisomali mwenye duka karibu na stesheni ya Eldoret. Wanawake waliushusha wenyewe. Wengi wao waliujua vizuri, walikuwa wameutumia miaka mingi kwenye kahawa za wazungu kule Thika na Ruiru. Walifungua gunia wakaona yale mawe ya buluu yanayong'aa, wakaanza kucheka kama watu waliokutana na ndugu.

"Huyu namjua!" mmoja alisema. "Amenila kucha zangu zote!"

"Tulimpulizia kahawa mpaka jioni, na kwa mikono hiyo hiyo tukakanda unga. Nani alikufa?"

"Mama Virginia angeuchemsha kwanza!"

Hata Nduta alicheka.

Walifanya kama Kaburu alivyokuwa akifanya. Walitia mrututu kwenye gunia, wakalifunga kamba pande mbili, wanawake kundi moja ng'ambo hii na kundi moja ng'ambo ile, wakalivuta majini kwenda na kurudi, wakiimba. Nyuma ya gunia maji yalibaki na mstari wa buluu, halafu mstari ukapotea. Walivuta mpaka mikono ikaota malengelenge.

Siku ya pili ile kijani ikageuka njano. Ikawa kama majani yaliyopikwa sana. Halafu ikazama.

Jumatano asubuhi Nduta alifika na ubao wake akakuta hana cha kupiga. Maji yalikuwa meupe. Aliona mawe ya chini. Aliona miguu yake mwenyewe. Wanawake waliokuja nyuma yake walitua madebe wakapiga vigelegele, na mmoja alipiga magoti akanywa kwa kiganja, akanywa tena, akasema, "Haya ni maji ya kwetu. Haya ni kama ya mto wa kwetu kabisa." Watoto waliingia kuoga. Virginia alimtazama mama yake.

"Nenda tu," Nduta alisema. "Lakini usinywe mpaka nichemshe."

Siku hiyo hakuchuja kwa leso. Hakukuwa na cha kuchuja. Alichemsha maji mpaka yakatokota, akayaacha yatokote zaidi, akayafunika, yakapoa, akampa mtoto kikombe kilichojaa. Virginia alimaliza akaomba kingine. "Hayana ladha mbaya leo," alisema. Nduta akampa kingine.

*

Tuta la bwawa liliachia maji kidogo upande wa chini, na huko ndiko alikoishi Jepchirchir. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kaburu, na Jepchirchir alizaliwa katika shamba hilo hilo. Kampuni iliponunua, watu wa kwao waliambiwa wahamie upande wa pili wa mpaka wa shamba, na hapo walikaa, wakinywa kile bwawa lilichomwaga.

Alhamisi alipanda tuta akiwa na kamba ya ng'ombe mkononi, bila ng'ombe.

"Mama Virginia, kuja uone."

"Nini?"

"Kuja kwanza."

Ng'ombe alikuwa amelala ubavu kando ya mfereji, miguu ikikata hewa kana kwamba bado anatembea. Mate yalimtoka. Mwingine alisimama hatua chache kutoka pale akitetemeka ngozi yote. Nduta alishika mdomo.

"Amekula nini?"

"Amekunywa. Amekunywa hii maji yenu mazuri." Jepchirchir hakuwa akilia. Alikuwa na hasira tu. "Ile ya kijani alikuwa anakataa. Ng'ombe si mjinga, alikuwa ananusa anarudi. Hii nyeupe ameifurahia kama nyinyi."

"Labda ni mrututu."

"Mrututu? Baba yangu alikuwa anaogesha nao kondoo miguu. Kondoo walikuwa wanalamba." Akatupa kamba chini. "Mimi nakumbuka kitu. Kaburu akitia mrututu, hapo ndipo mbwa walikuwa wakali kabisa. Hata hao ng'ombe wake mwenyewe alikuwa anawafukuza. Sisi watoto tulikuwa tunasema, huyu mzungu, sasa hata maji anatunyima. Tulimtukana sana."

Nduta aliangalia ile miguu ya ng'ombe. Halafu akakimbia kupanda.

Virginia alikuwa amekaa mlangoni akishika tumbo. Alikuwa ametapika kwenye vumbi, na kuku walikuwa wameyazunguka matapishi.

*

Nicholas alikuja Ijumaa mchana, peke yake, kwa baiskeli, kuchota chupa ya mwisho kabla ya sherehe. Nduta hakumngoja ateremke. Alimshika usukani.

"Bwana Maji, ingia uangalie mtoto yangu."

"Mimi si daktari, mama."

"Ingia tu."

Virginia alikuwa kitandani. Macho yalikuwa na rangi ya njano ambayo Nduta alijaribu kujiambia kwamba ni ya mwanga wa dirisha. Nicholas alisimama mlangoni, kofia mkononi. Hakukaribia.

"Amekunywa maji ya bwawa? Lini?"

"Kila siku. Lakini nachemsha. Mimi nachemsha, uliza mtu yeyote hapa."

"Tangu mlipofunga?"

"Kufunga nini?"

Alimtazama. Kisha akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Nilisema mfunge. Jumatatu. Ulikuwa umesimama pale. Nilimwambia mwenyekiti, mkitia mrututu, fungeni bwawa wiki tatu, watu na wanyama, mpaka nije nipime tena. Hakukwambia?"

"Alisema nifunge usiku. Kwa sababu ya ng'ombe."

Nicholas alizungusha kofia vidoleni. Aliongea sasa kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayejaribu njia asiyoijua. "Ile kijani, mama, ni kitu hai. Sumu yake inaishika ndani. Ukiichuja ikiwa hai, unatoa sumu nyingi pamoja nayo. Ukiiua yote mara moja, inaimwaga. Maji yanakuwa safi kwa macho. Hapo ndipo ni mabaya zaidi."

"Na kuchemsha?"

Nicholas aliweka kofia magotini.

"Bwana Maji, nakuuliza. Na kuchemsha?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Sumu haichemki ikaisha."

Nduta aliangalia sufuria iliyokuwa mekoni, imefunikwa vizuri, na jiwe juu ya kifuniko ili kuku wasiifungue. Alisimama, akaichukua, akaimwaga nje.

Walikwenda wote wawili mpaka nyumba kubwa. Macharia alikuwa uani na watu waliokuwa wakisimamisha turubai. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima, kisha akamgeukia Nicholas peke yake.

"Kijana, chupa zako zinapima nini?"

"Vijidudu, Mwenyekiti."

"Na ile chupa ya Jumatano niliyokutumia mjini, ina vijidudu?"

"Hapana. Lakini mrututu pia unaua..."

"Nimekuuliza ina au haina."

"Haina."

"Basi maji yamepita. Utasema hivyo kesho mbele ya Mheshimiwa, kwa sababu ni kweli. Sitaki mtu aseme uongo kwenye sherehe yangu." Aliweka mkono begani mwa Nicholas. "Mkubwa wako wa mjini atakuwa hapo. Tumekula naye jana. Aliniuliza, huyu kijana anafaa hapa Eldoret, au tumpeleke Lodwar akapime mchanga? Nikamwambia anafaa sana."

Watu wa turubai walicheka. Nicholas alitazama viatu vyake.

"Mwenyekiti," Nduta alisema, "nipe maji ya chemchemi. Debe moja la mtoto."

"Kesho chemchemi ni ya kupikia wageni. Keshokutwa njoo, nitasema na mzee wa lango."

Njiani Nicholas aliteremka baiskeli akatembea kando yake kidogo. "Usimpe tena hayo maji," alisema kwa sauti ya chini. "Mpeleke hospitali."

"Kwa gari gani?"

Alipanda baiskeli yake.

*

Jumamosi, jua lilipotoka tu, Nduta alifunga lango. Kufuli lilikuwa na kutu, alilazimika kulipiga kwa jiwe ndipo likakubali. Akasimama mbele yake. Jepchirchir alikuwa nyumbani kwa Nduta akimpepea Virginia na kumlowesha midomo kwa maziwa.

Wanawake walikuja na madebe na mapipa ya kuviringisha. Ilikuwa siku ya kupika chai ya watu mamia, na irio, na supu. Walipoona kufuli walidhani ni mchezo.

"Mama Virginia, fungua, jua linapanda."

"Maji yana sumu. Bwana Maji amesema. Mtoto yangu anakufa, na ng'ombe za Jepchirchir zimekufa."

"Bwana Maji yupi? Huyu anayesoma leo kwamba yamepita?"

"Wangu pia anaendesha tumbo," mama mmoja alisema taratibu kutoka nyuma. "Tangu juzi."

"Watoto huendesha," mwingine akamkatiza. "Leo ni siku ya hati. Unataka Mheshimiwa arudi na hati zetu kwenye gari? Tumelala vibanda vya watu miaka mingapi tukingoja hii siku?"

"Nawaambia ukweli, dada zangu."

"Unatufungia maji kama Kaburu!"

Neno hilo liliwaingia wote. Walilirudia. Kaburu. Kaburu mweusi. Hana hata mbwa, mmoja alisema, lakini ana meno. Mtu alimsukuma, naye akarudi akashika chuma cha lango kwa mikono yote miwili.

Peugeot ilikuja kwa mwendo wa pole. Macharia alishuka, amevaa suti, ua kifuani. Simeon alishuka nyuma yake, naye amevaa koti la marehemu kaka yake. Wanawake walimpisha.

"Mama Virginia. Fungua."

"Mwenyekiti, wewe unajua."

"Mimi najua mengi. Najua Mheshimiwa ameshapita Nakuru. Najua orodha ya majina iko mezani na kuna mahali palipoachwa wazi, na huyu shemeji yako ana kalamu yake mwenyewe." Simeon alitabasamu akitazama chini. "Na najua una mtoto mgonjwa." Akagonga boneti ya gari kwa kidole. "Gari ni hili. Dereva ni huyu, ni mtu mwenye watoto. Ukifungua, anamchukua sasa hivi mpaka hospitali mjini. Usipofungua, nitaita askari wavunje hilo kufuli, maji yatachotwa vile vile, na mtoto atakwenda kwa miguu. Chagua wewe. Mimi silazimishi mtu."

Nduta alitazama upande wa nyumba yake. Aliona kitambaa cha Jepchirchir kikipanda na kushuka dirishani.

"Nitakwenda naye."

"Utabaki. Jina likisomwa mwenyewe asipoitika, ataitika mwingine."

Wakati anazungusha ufunguo hakumtazama mtu. Wanawake walipita kando yake na madebe yao, mmoja baada ya mwingine, wakimgonga kwa viwiko. Yule mama wa nyuma alisita. Kisha naye akapita.

Alimbeba Virginia mwenyewe akamlaza kiti cha nyuma, akamfunika. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko nguo zake. Jepchirchir alitaka kuingia, dereva akakataa, akisema miguu yake ina mavi ya ng'ombe.

"Tafadhali, endesha," Nduta alimwambia dereva. "Usisimame popote."

"Mama, ndani ya nusu saa niko Eldoret."

Gari lilifika barabarani likasimamishwa. Askari walikuwa wamefunga njia. Hakuna gari linalotoka mpaka Mheshimiwa aingie, na akishaingia hakuna linalotoka mpaka aondoke. Dereva alirudisha gari nyuma, akaliegesha juani, kando ya turubai.

Nduta aliliona kutoka kwenye viti vya wanachama. Alijaribu kuinuka. Askari mmoja akamwekea fimbo kifuani, bila ukali. "Kaa, mama. Mheshimiwa amefika."

Hotuba zilianza. Nicholas aliitwa kwenye kipaza sauti, akasoma kwa Kizungu, kisha akasema kwa Kiswahili, macho kwenye karatasi, "Maji ya bwawa hili yamepimwa. Hayana vijidudu." Watu walipiga makofi. Mheshimiwa akaletewa bilauri ya maji ya bwawa kwenye sinia, akaiinua juu ili mpiga picha aione inavyong'aa, akaitua, akafunguliwa soda.

Majina yakasomwa. "Nduta wa Kabiru!" Simeon aligeuka kiti kizima. Nduta alikwenda mbele, akashikishwa karatasi yenye mhuri mwekundu. Macharia alishika kipaza sauti.

"Tumesikia watu wakisema wajane wanadhulumiwa. Oneni! Kampuni imempa huyu mama shamba la marehemu, na tumemwongezea. Bwawa lote ni lake pia. Kuanzia leo maji ni mali yake, na usafi wa maji ni juu yake. Mtu akiwa na neno kuhusu maji, amwendee mwenyewe!"

Vigelegele vilipaa. Nduta aliangalia ile karatasi, kisha akamwangalia mwenyekiti. Alikuwa akitabasamu, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nyuma yake watoto wa shule, waliokuwa wameimba juani tangu asubuhi, walikuwa wamepangwa mstari kwenye pipa, na kikombe kimoja kilikuwa kikipita mkono kwa mkono.

Nduta alikinyakua kipaza sauti.

"Ni yangu!" Sauti yake ilirudi kutoka kwenye spika, kali, kubwa kuliko yeye. "Mmesikia amesema ni yangu! Basi nimekataa! Mtu asinywe! Watoto, wekeni hicho kikombe chini!"

Halafu kicheko kikaanza kwa wanawake wa jikoni, kikasambaa turubai lote. "Hata hajalala na hati usiku mmoja," mtu alipiga kelele, "na uchoyo umeanza!" Mheshimiwa naye alicheka, akifuta midomo kwa leso. Macharia alimpokonya kipaza sauti kwa upole, kama mtu anayemtoa mtoto kisu mkononi, na kwaya ikapewa ishara ianze wimbo.

Askari wawili walimshika mikono. Kati ya mabega yao aliona mlango wa Peugeot ukifunguka. Dereva alishuka, akanyoosha mgongo, akaja mpaka kwenye pipa. Alisema kitu kwa mtoto aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari, akionyesha gari, na mtoto akampisha. Akajaza kikombe mpaka juu.

Nduta alimwita. Alimwita kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo, lakini kwaya ilikuwa ikiimba, na spika zilikuwa zimegeuzwa upande ule.

Dereva alirudi garini akitembea polepole, mkono mmoja chini ya kikombe, asije akamwaga.